"Gesi Imeisha": Lugha, Sayansi na Usalama wa Kipoza cha Viyoyozi vya Magari, kwa Kurejelea Oldonyiro

Utangulizi

Sentensi "gesi imeisha" ina maneno mawili tu, na haina kasoro yoyote ya kisarufi. Nomino imo katika ngeli yake, kiambishi cha upatanisho kimekaa mahali pake, na hali timilifu imeonyeshwa inavyopasa. Ni sentensi inayosikika katika gereji nyingi za Kenya, fundi akiwa ameinua boneti ya gari ambalo kiyoyozi chake kimeacha kutoa hewa baridi. Makala haya yanadai kwamba sentensi hiyo, pamoja na usahihi wake wa kisarufi, aghalabu si kweli kwa upande wa maana. Kwamba upotofu huo unawagharimu wenye magari fedha na kuwaweka mafundi hatarini. Na kwamba kuusahihisha ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili kama ilivyo kazi ya mhandisi.

Mfano unaorejelewa ni wa Oldonyiro, mji mdogo wa wafugaji ulioko magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, karibu na mipaka ya Laikipia na Samburu, unaojulikana kwa soko lake la mifugo. Wenyeji wake wengi ni Wasamburu na Waturkana. Kwao Kiswahili ni lugha ya pili, na pengine ya tatu, lakini ndiyo inayomkutanisha mfugaji na mnunuzi wa mbuzi kutoka mjini, dereva na fundi, mgonjwa na muuguzi. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi na mara nyingi huzidi hapo. Safari ya kwenda Isiolo kupitia Kipsing ni ndefu, na sehemu yake kubwa ni vumbi na changarawe. Dereva akifungua dirisha, anakula vumbi, akilifunga, anaokwa. Katika gari la wagonjwa lililombeba mama aliyepoteza damu au mtoto mwenye homa kali, kiyoyozi, ambacho mjini huhesabiwa kuwa starehe, ni sehemu ya matibabu.

Jambo la pili linalofanya mfano huu ufae ni la kiisimujamii. Fundi wa jua kali hujifunza kazi kwa kusimama kando ya fundi mwingine, na maelezo anayopewa ni ya Kiswahili. Kibandiko kilichobandikwa chini ya boneti, ambacho hutaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, kimeandikwa kwa Kiingereza au kwa Kijapani. Onyo lililo juu ya mtungi nalo ni la Kiingereza. Kwa hiyo kati ya maarifa yaliyoandikwa na mkono unaofanya kazi pana pengo, na pengo hilo limejazwa na sentensi ya maneno mawili.

Baridi haitengenezwi

Kosa la kwanza limo katika namna ambavyo baridi husemwa. Husemwa kwamba mashine "inatia baridi" au "inatoa baridi", kana kwamba baridi ni kitu kilichohifadhiwa mahali kikisubiri kumiminwa. Kwa mujibu wa fizikia baridi si kitu; ni upungufu wa joto. Kiyoyozi hakiingizi chochote kinachoitwa baridi ndani ya gari. Kinachofanya ni kulichukua joto lililomo ndani na kulitupa nje, na anayelibeba joto hilo ni ile gesi. Kwa ufupi gesi ni hamali. Hamali wa bandarini Mombasa hubeba gunia kutoka melini hadi ghalani, akalitua, akarudi mikono mitupu kuchukua jingine. Magunia hupungua melini, lakini hamali hapungui. Mtu akiona jioni kwamba hamali mmoja haonekani, hasemi kwamba ameisha kwa kubeba. Anauliza ametorokea wapi.

Namna hamali huyu anavyojitwika mzigo wake si ngeni kwa mtu yeyote aliyekulia Afrika Mashariki. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji machache hupenya vinyweleo vyake na kugeuka mvuke upande wa nje, na mvuke huo huondoka na joto. Spiriti anayopaka muuguzi kabla ya kudunga sindano huacha ubaridi kwenye ngozi kwa sababu iyo hiyo. Wasafiri wa zamani wa nchi kavu walining'iniza mifuko ya turubai yenye maji mbele ya magari yao. Upepo ulivukiza maji yaliyopenya kwenye turubai, na yaliyobaki ndani yakawa baridi. Kiowevu chochote kinapogeuka mvuke hudai joto, na hulichukua kwa kilicho karibu nacho.

Tofauti kati ya maji ya mtungini na gesi ya kiyoyozi ni kiwango cha halijoto ambapo mgeuko huo hutukia. Maji huchemka kwa nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari. Wapagazi wa Mlima Kenya wanajua kwamba maharagwe ni taabu kuiva juu kule, kwa maana karibu na kilele cha Lenana, mita 4,985, maji huchemka kwa takribani nyuzi 83, hewa ikiwa imepungua uzito. Somo lililomo katika sufuria ya mpagazi ndilo msingi wa kiyoyozi kizima: ukipunguza kanieneo, kiowevu huchemka kwa joto dogo, ukiiongeza, huchemka kwa joto kubwa. Gesi iliyo katika magari mengi yanayotembea Kenya leo, iitwayo R-134a, huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Mchana wa Oldonyiro kwa gesi hiyo ni jiko kali.

Safari yake ndani ya gari ni mzunguko uliofungwa. Ndani ya dashibodi mna koili ambamo gesi huingia ikiwa kiowevu baridi chenye kanieneo ndogo, takribani pauni 30 kwa inchi mraba, karibu sawa na upepo wa gurudumu la gari dogo. Feni hupuliza hewa ya ndani ya gari juu ya koili hiyo. Joto la hewa hukichemsha kiowevu, hewa yenyewe ikatoka imepoa, na unyevu wake ukaganda kuwa matone yanayodondoka chini ya gari. (Madereva wageni huyaona matone hayo wakadhani rejeta imetoboka.) Mvuke huvutwa na kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, ukashindiliwa hadi pauni 200 na zaidi. Hapo ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa mvuke ulioshindiliwa huwa moto kuliko jua la adhuhuri. Lakini ni lazima uwe hivyo. Joto halihami isipokuwa kutoka penye joto jingi kwenda penye joto kidogo, kwa hiyo hamali hawezi kulitua gunia lake katika hewa ya nyuzi 35 mpaka yeye mwenyewe awe na nyuzi 50 au 60. Analitua kwenye kondensa, wavu ulio mbele ya rejeta, na kwa kulitua anarudi kuwa kiowevu. Kisha hupita katika chujio linalonyonya unyevu, akafika kwenye vali yenye tundu jembamba. Akishatoka upande wa pili wa tundu hilo kanieneo hushuka ghafla, naye hupoa na kuingia tena kwenye koili. Kiasi kizima katika gari dogo ni kama nusu kilo, nacho huzunguka mara kadhaa kwa dakika, mwaka baada ya mwaka.

Vumbi la barabara za Isiolo linaingia katika habari hii kwenye kondensa. Wavu ukizibwa, hewa haipiti, joto halitoki, kanieneo hupanda na hewa ya ndani haipoi. Fundi asiye na geji hutoa hukumu ile ile, kwamba gesi imeisha, akaongeza nyingine juu ya kanieneo iliyokwisha kupita kiasi. Dawa ilikuwa maji ya bomba yenye nguvu ndogo na subira ya dakika 10.

Nomino na kitenzi

Wanaistilahi wanaweza kuanza na nomino. "Gesi" ni neno pana mno kwa kazi hii. Katika uwanja mmoja wa gereji huweza kuwapo mtungi wa oksijeni, mtungi wa asetilini wa kuchomelea, mtungi wa kupikia chai ya mafundi, na mtungi wa AC. Yote minne inaitwa gesi. Mmoja huwasha, mwingine huwaka, na mwingine hugandisha. Isitoshe, neno lenyewe linadanganya kuhusu hali ya kitu, kwa sababu ndani ya mtungi na katika nusu ya mzunguko wake kitu hicho ni kiowevu, na madhara yake makubwa kwa mkono na jicho hutokana na hali hiyo ya kiowevu.

Neno "kipoza" linafaa zaidi, na ndilo litakalotumika kuanzia hapa. Limeundwa kwa njia iliyozoeleka, kiambishi ki- kikiungana na kitenzi poza, na msikilizaji wa Oldonyiro hahitaji kamusi ili alielewe. Mtu mwenye kupenda usahihi angeweza kupendekeza "kibebajoto", kwa hoja kwamba kitu hiki hubeba joto zaidi ya kupoza. Hoja hiyo ni nzuri, lakini istilahi isiyotamkwa na fundi huwa sahihi kwenye karatasi tu. Historia ya "kanieneo" inatoa funzo. Neno hilo liliundwa kwa ustadi kutokana na kani na eneo, linaeleza dhana yake barabara, na bado gerejini hakuna anayelitumia. Mafundi husema "presha", neno ambalo hospitalini ni ugonjwa na nyumbani ni wasiwasi.

Hata hivyo tatizo kubwa si nomino. Hata ikisemwa "kipoza kimeisha", uongo unabaki pale pale, kwa maana umo katika kitenzi. Kuisha ni mwisho wa kitu kinachotumiwa: petroli huisha, sukari huisha, muda wa maongezi huisha. Kipoza hakitumiwi. Kikipungua, kimetoka, na kama kimetoka pana mahali palipokitoa. Kitenzi kinachostahili ni kuvuja. Tofauti ya vitenzi hivi viwili inaonekana katika swali linalofuata kila kimoja. Asemaye "imeisha" huulizwa "bei gani kuongeza?" Asemaye "imevuja" huulizwa "wapi?" Swali la kwanza linampeleka mtu kwenye mtungi; la pili linampeleka kwenye tundu.

Ni kweli kwamba hosi za mpira hupitisha kiasi kidogo sana kwa muda wa miaka mingi, kwa hiyo gari kuukuu laweza kupungukiwa bila kuwa na tundu linaloonekana. Lakini gari linalojazwa Januari na kuhitaji kujazwa tena Juni haliwezi kuelezwa hivyo. Barabara mbovu hulegeza viungo, jiwe moja lililorushwa na lori laweza kutoboa kondensa, na kizibo cha mhimili wa kompresa hukauka endapo kiyoyozi hakiwashwi kwa miezi mingi. Ndiyo maana dereva hushauriwa kukiwasha dakika chache kila juma hata msimu wa baridi, ili mafuta yanayosafiri pamoja na kipoza yafike kwenye vizibo. Wahenga walikwisha kusema juu ya ufa na ukuta. Katika biashara hii kuna wanaopata riziki kwa kujenga ukuta huo huo kila baada ya miezi sita.

Kukishika bila kudhurika

Sehemu hii ndiyo yenye uzito zaidi, nayo inastahili kuelezwa kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani.

Kiowevu cha R-134a kikiruka kwenye ngozi huchemka papo hapo na kuchukua joto la nyama. Matokeo yake yanafanana na kuungua, ingawa sababu yake ni kuganda. Kwenye jicho madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Miwani ya kukinga macho na glavu ni vya lazima hata kwa kazi ya dakika moja ya kuunganisha hosi, kwa sababu ajali nyingi za namna hii hutokea katika dakika hiyo. Aliyerushiwa asisugue. Ngozi imwagiwe maji ya uvuguvugu, si ya moto. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa robo saa, kisha mtu apelekwe hospitalini hata kama maumivu yametulia.

Mvuke wa kipoza hauna rangi wala harufu ya kumshtua mtu, na ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu. Hutulia chini. Fundi aliye katika shimo la gereji, au aliyelala chini ya gari katika banda lililofungwa, huweza kupungukiwa na oksijeni kabla hajajua kinachompata. Kwa bahati gereji nyingi za miji ya aina ya Oldonyiro ni kivuli cha mti au paa lisilo na kuta, na umaskini huo wa jengo ni kinga. Hatari huingia siku ya upepo wa vumbi, milango ya banda inapofungwa.

Moto ni suala jingine. R-134a yenyewe haishiki moto kwa urahisi katika hewa ya kawaida, na jambo hilo limewafanya wengine wachomelee bomba la kiyoyozi likiwa bado na kipoza ndani. Kipoza kikikutana na mwali au chuma chekundu huvunjika na kutoa haidrojeni floraidi, sumu inayounguza koo na mapafu. Kipoza cha zamani, R-12, kilipounguzwa kiliweza kutoa hata fosijini, gesi iliyotumika kuua katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu anayevuta sigara juu ya injini inayovuja kipoza anavuta zaidi ya tumbaku.

Mtungi nao una sheria zake. Usiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa haupaswi kuzidi nyuzi 52, na gari lililoegeshwa katika jua la Isiolo hufika huko bila shida. Usitumbukizwe katika maji yanayochemka ili "gesi itoke haraka". Mtungi wa kutumiwa mara moja usijazwe tena. Mikebe midogo inayouzwa madukani huunganishwa kwenye upande wa kanieneo ndogo peke yake. Anayeuunganisha mkebe kwenye upande wa kanieneo kubwa injini ikinguruma anarudisha pauni 200 na zaidi ndani ya bati jembamba, na bati hilo hupasukia mkononi mwake. Watengenezaji waliliona jambo hili mapema, wakazifanya ncha za pande mbili ziwe na ukubwa tofauti. Kwa hiyo hosi ikikataa kuingia isilazimishwe.

Tundu hutafutwa kwa povu la sabuni, kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, au kwa kujaza naitrojeni kavu yenye kidhibiti. Oksijeni haitumiki kamwe. Mtungi wa oksijeni uko karibu, una kanieneo ya kutosha, na katika lugha ya gerejini nao ni "gesi". Lakini oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya kanieneo hulipuka. Hapa upana wa neno moja waweza kuua mtu. Vivyo hivyo gesi ya kupikia. Wapo wanaoitia katika viyoyozi kwa sababu ni rahisi kupatikana, nayo kwa hakika hupoza, kwani kanuni ni ile ile: mtungi wa jikoni wenyewe hutoa umande unapotumika kwa moto mkali. Lakini koili ya kiyoyozi imo ndani ya dashibodi. Ikivuja, gari lenye madirisha yaliyofungwa hugeuka chumba kilichojaa gesi ya kuwaka, kikisubiri kiberiti.

Vipoza bandia navyo vimeua. Mwaka 2011 makontena ya kusafirishia vyakula baridi yalilipuka na kuwaua wafanyakazi Vietnam na Brazil. Mitambo yake ilikuwa imetiwa kipoza bandia chenye kloridi ya methili, ambayo hushambulia alumini na kuzaa kitu kinachoshika moto kinapogusana na hewa. Viyoyozi vya magari vimejaa alumini. Mtungi wa bei ya kutupa usio na maandishi yanayoaminika ni afadhali urudishwe dukani.

Baada ya tundu kuzibwa kazi haijakwisha. Mfumo hunyonywa kwa pampu ya ombwe, ile ambayo mafundi huiita vakyumu, kwa nusu saa hivi, ili hewa na unyevu vitoke. Unyevu ukibaki huganda kwenye tundu la vali, au huungana na kipoza na mafuta na kuzaa asidi inayokula mabomba kwa ndani. Kisha kipoza hupimwa kwa mizani kulingana na gramu zilizotajwa kwenye kibandiko. Kukadiria kwa kushika bomba ili kusikiliza ubaridi wake ni ufundi wa kubahatisha, hata kama mkono ni wa fundi mwenye miaka 20 kazini.

Kinachotoka huenda wapi

Njia rahisi ya kumaliza kipoza kilichomo ndani ya gari kabla ya kulitengeneza ni kufungua kiungo na kukiacha kivume hewani. Kishindo chake ni kifupi, baada yake hakuna kinachoonekana, na kwa hiyo hakuna anayejiona ametenda kosa.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba vipoza vyenye klorini, R-12 kikiwa kimojawapo, hupanda hadi tabaka la ozoni na kuliharibu. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, na tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini. Sekretarieti ya ozoni ina makao yake Nairobi, mwendo wa siku moja kutoka Oldonyiro. Magari yalihamia R-134a katika miaka ya 1990, na Kenya ilitoa kanuni za kudhibiti kemikali hizi mwaka 2007 chini ya sheria ya mazingira.

R-134a haiharibu ozoni, lakini hushika joto la anga. Kilo moja yake, ikihesabiwa kwa miaka 100, hulingana na kilo 1,430 za kaboni dioksaidi. Nusu kilo inayovuja kutoka gari dogo inalingana na moshi wa kuchoma petroli lita 300 na ushei. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kuipanua Itifaki ya Montreal ili vipoza vya aina hii navyo vipunguzwe. Marekebisho hayo yalianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2019. Huko Ulaya magari mapya hayaruhusiwi tena kuja na R-134a tangu 2017. Hutumia zaidi R-1234yf, yenye madhara madogo kabisa kwa tabianchi ila hushika moto kidogo. Magari hayo yataendelea kufika Kenya yakiwa mitumba, na fundi aliyezoea kwamba "gesi ya AC haiwaki" itambidi ajifunze upya. Vipoza hivi viwili havichanganywi.

Kaskazini mwa Kenya ilipita ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Hakuna anayeweza kusema kwamba kipoza kilichoachwa kivume katika gereji fulani ndicho kilichomuua ng'ombe fulani, na atakayesema hivyo anaharibu hoja nzuri kwa kuivuta kupita urefu wake. Linaloweza kusemwa ni kwamba anayefungua kiungo kile na anayepoteza ng'ombe wanaishi chini ya anga moja, na Oldonyiro pengine ni watoto wa boma moja.

Kipoza kinachotolewa garini kinapaswa kunyonywa na mashine hadi kwenye mtungi maalumu, kisafishwe na kutumiwa tena. Mashine hiyo ni ghali na haitarajiwi katika kila gereji ya mji mdogo. Jambo lililo ndani ya uwezo wa gereji ndogo ni kutofungua mfumo usiolazimu kufunguliwa, kutafuta tundu kabla ya kuongeza, na kulituma gari mjini penye mashine ikiwa mfumo bado una kipoza kingi. Kiswahili nacho hakijakubaliana juu ya jina la kazi hiyo. "Kurejesha" kunachanganya, kwa sababu haijulikani kinarejeshwa wapi. "Kuvuna" kuna utamu wa kishairi lakini hudokeza faida. "Kunyonya" ndiko mafundi wangekuelewa mara moja, ila hakusemi kwamba kilichonyonywa kitatunzwa. Huenda "kunasa" kukafaa, kwa kuwa kinachonaswa hakiachwi kiende.

Wakati suala hilo likijadiliwa, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, na hakuna kinachomzuia fundi kubandika kibandiko chake cha Kiswahili kando ya kile cha Kijapani. Hakihitaji zaidi ya mistari michache: kipoza R-134a, gramu 500; mafuta ya kompresa, aina na kiasi; tarehe ya kujazwa; kilikuwa kimevuja kwenye kiungo cha hosi upande wa kushoto, kizibo kimebadilishwa. Dereva wa gari la wagonjwa atakayesimama Kipsing mwaka unaofuata, hewa ikiwa imeanza kuwa vuguvugu, atafungua boneti na kusoma mstari wa mwisho kwanza.